Mtangazaji Aliyemwita Mtu kwa Jina Lake

Mtangazaji wa michezo ni mtu aliyekabidhiwa amana. Wale walioko mbali na uwanja, waliokaa barazani wakiizunguka redio moja ya betri, hawana macho ila macho yake. Akisema mpira umegonga mwamba, nao husema umegonga mwamba, na kesho yake hubishana juu ya mwamba huo sokoni na kazini kana kwamba waliuona wenyewe. Kwa sababu hiyo kazi yake, ijapokuwa wengi huihesabu kuwa ni burudani tu, ni kazi ya ushahidi. Na shahidi anayeficha nusu ya alichokiona hana tofauti kubwa na yule anayesema uongo.

Leo tumeona inafaa tuwasimulie wasomaji wetu maisha ya mmoja wa watangazaji hao, Howard Cosell wa Marekani, aliyefariki dunia mwaka 1995. Hatumsimulii kwa kuwa alikuwa mtu mwema kupita wengine. Alikuwa na majivuno mengi, na wenzake walimchoka. Tunamsimulia kwa kuwa mara kadhaa maishani mwake, pale ambapo kunyamaza kungemletea faida, alikataa kunyamaza.

Cosell alizaliwa tarehe 25 Machi 1918 katika mji wa Winston-Salem, jimbo la North Carolina, katika familia ya Kiyahudi yenye asili ya Poland. Jina la ukoo alilozaliwa nalo lilikuwa Cohen. Baba yake alikuwa mhasibu, na familia ilihamia Brooklyn katika jiji la New York, ambako kijana huyo alikulia na kusomea. Ujana wake uliangukia katika miaka ya 1930, wakati uchumi wa nchi za kibepari ulipoporomoka na mamilioni ya wafanyakazi wakakosa kazi. Aliingia Chuo Kikuu cha New York, akasoma kwanza lugha na fasihi ya Kiingereza, kisha sheria, na mwaka 1941 akapokewa katika uwakili.

Katika miaka hiyo ya masomo ndipo alipoliacha jina la Cohen na kujiita Cosell. Mwenyewe alieleza kwamba alikuwa akilirudisha jina lililo karibu na lile la wazee wake wa Poland, ambalo lilipotea familia ilipohamia Marekani. Mahasimu wake hawakuyakubali maelezo hayo, na kwa miaka mingi walimsuta kwamba alijificha asili yake. Tunamwomba msomaji alihifadhi jambo hili akilini, kwa maana suala la jina la mtu litarudi katika hadithi yetu, na litarudi kwa uzito.

Vita Kuu ya Pili ilipofika, Cosell aliingia jeshini, akatumikia katika kikosi cha uchukuzi kwenye bandari ya New York, kule askari na shehena zilikopakiwa melini. Alipanda cheo hadi kuwa meja. Mwaka 1944 alimwoa Mary Edith Abrams, aliyejulikana zaidi kwa jina la Emmy, ambaye naye alikuwa akitumikia jeshini. Bibi huyo hakuwa wa dini yake. Waliishi pamoja mpaka kifo kilipowatenganisha mwaka 1990, wakajaliwa mabinti wawili.

Baada ya vita alifungua ofisi ya uwakili mjini New York. Miongoni mwa wateja wake walikuwamo wanamichezo, akiwamo Willie Mays, mchezaji mweusi maarufu wa besiboli. Akawa pia mshauri wa sheria wa chama cha besiboli cha watoto katika jiji hilo. Hapo ndipo bahati ilipomfungulia mlango. Mwaka 1953 shirika la utangazaji la ABC lilimtaka aongoze kipindi cha redio ambamo watoto wangewauliza maswali wachezaji wakubwa. Aliifanya kazi hiyo bila malipo. Mwaka 1956 aliuacha uwakili, akawa mtangazaji wa kudumu.

Wengi walimshangaa. Sauti yake ilikuwa ya puani, yenye lafudhi nzito ya Brooklyn. Sura yake haikuwa ile inayopendwa na televisheni, na kichwani alivaa nywele za bandia. Alipenda maneno makubwa ya mahakamani, hata alipokuwa akieleza jambo dogo. Isitoshe, hakuwahi kuwa mchezaji wa sifa yoyote. Alichokuwa nacho ni bidii. Alibeba mgongoni kinasa sauti kizito cha enzi hizo, akaingia nacho katika vyumba vya kubadilishia nguo, akawasubiri wachezaji na makocha, akawauliza maswali ambayo wenzake waliona haya kuyauliza.

Hatuna budi kueleza hali ya utangazaji wa michezo ilivyokuwa nchini humo wakati ule. Watangazaji wengi walikuwa kama wapambe wa bwana harusi. Kazi yao ilikuwa kuwasifu wachezaji, kuwapendeza wenye timu na kuwaridhisha wenye viwanda waliolipia matangazo ya biashara. Mchezo ulikuwa bidhaa, na mtangazaji alikuwa mchuuzi wake. Habari za mishahara, mikataba, ubaguzi wa rangi na maumivu ya wachezaji hazikutajwa ila kwa nadra. Cosell alileta humo tabia ya wakili, yaani kumhoji shahidi mpaka jambo lieleweke. Wachezaji wa besiboli walipofungwa na mikataba iliyowazuia kuhama timu hata mikataba hiyo ilipokwisha, na Curt Flood alipokwenda mahakamani mwaka 1970 kuipinga, Cosell alikuwa miongoni mwa watangazaji wachache walioitetea haki ya mchezaji huyo.

Lakini jina lake halikuenea ulimwenguni kwa besiboli. Lilienea kwa ndondi, na kwa urafiki wake na kijana mmoja wa Louisville, jimbo la Kentucky.

Tarehe 25 Februari 1964, mjini Miami Beach, Cassius Clay alimshinda Sonny Liston na kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Mara baada ya ushindi huo alitangaza kwamba ameingia katika jumuiya ya Waislamu weusi ya Nation of Islam, na mwezi Machi akapewa jina jipya, Muhammad Ali. Alieleza kwamba jina la zamani lilikuwa jina la utumwa.

Sisi wa pande hizi tunajua uzito wa jambo hilo. Mtoto hupewa jina kwa dua na karamu, na jina hilo ndilo analoitwa hai na ndilo analotajwa akiisha kufa. Kumwita mtu mzima kwa jina alilolikataa ni kumwambia kwamba wewe ndiwe mwenye haki ya kuamua yeye ni nani. Na hivyo ndivyo magazeti mengi ya Marekani yalivyofanya. Kwa miaka kadhaa hata magazeti makubwa, The New York Times likiwa mojawapo, yaliendelea kuandika Clay. Wapo waliofanya hivyo kwa mazoea, na wapo waliofanya kwa chuki.

Cosell alikuwa miongoni mwa watangazaji wa kwanza nchini humo kumwita Ali kwa jina alilolichagua. Hakulifanya jambo hilo kuwa sherehe. Alilitamka tu, kila mara, mbele ya mamilioni ya watu. Mwishoni mwa mwaka 1966 Ernie Terrell, aliyekuwa akijitayarisha kupigana na Ali, alimwita Clay walipokuwa wakihojiwa pamoja na Cosell, na ugomvi ukazuka papo hapo mbele ya kamera. Mwezi Februari 1967 Ali alimpiga Terrell kwa raundi 15 mjini Houston, huku akimuuliza jina lake ni nani. Watu wengi walikasirishwa na ukatili wa pambano lile, na hatusemi walikosea. Lakini swali lenyewe lilikuwa na haki ya kujibiwa.

Mtihani mkubwa ulikuja miezi miwili baadaye. Tarehe 28 Aprili 1967, mjini Houston, Ali alikataa kuandikishwa katika jeshi lililokuwa likipigana Vietnam, kwa sababu ya dini yake na dhamiri yake. Siku ile ile tume ya ndondi ya jimbo la New York ilimnyang'anya leseni na kuacha kumtambua kuwa bingwa, na tume nyingine zikafuata. Wakati huo hakuna mahakama iliyokuwa imemtia hatiani. Hukumu ilitolewa mwezi Juni: kifungo cha miaka mitano na faini ya dola 10,000. Alikata rufaa akabaki nje, lakini kwa zaidi ya miaka mitatu, katika umri ambao bondia huwa na nguvu zake zote, hakuruhusiwa kupanda ulingoni.

Cosell alisimama upande wake. Ni vema tueleze kwa usahihi alisimama wapi, kwa maana baada ya mambo kupoa wengi hupenda kumvisha mtu kilemba kisichokuwa chake. Hakuwa mfuasi wa jumuiya ya Ali, na hoja yake haikuwa hasa juu ya vita. Ilikuwa hoja ya mwanasheria: kwamba mtu hawezi kunyang'anywa riziki yake kabla ya kusikilizwa na kuhukumiwa, na kwamba katiba ya nchi hiyo inamlinda hata mtu anayechukiwa na wengi. Aliyasema hayo redioni na katika televisheni, wakati askari wa Marekani walipokuwa wakifa Vietnam na wananchi wengi walipomwona Ali kuwa msaliti. Barua za matusi zikamiminika, zikimtukana kwa Uyahudi wake na kwa kumtetea mtu mweusi, na nyingine zikimtishia maisha.

Mahakama baadaye zilitoa majibu. Mwaka 1970 jaji mmoja wa New York aliamua kwamba tume ile ilimtendea Ali kwa upendeleo mbaya, kwa kuwa ilidhihirika kwamba tume hiyo hiyo ilikuwa imewapa leseni watu zaidi ya 200 waliowahi kupatikana na hatia, wakiwamo wauaji na wanyang'anyi. Tarehe 28 Juni 1971 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta hukumu ya Ali kwa kura 8 bila ya hata moja ya kupinga. Alirudi ulingoni, na mwezi Oktoba 1974 akaupata tena ubingwa mjini Kinshasa. Mwaka 1980 alifika Dar es Salaam akiwa mjumbe wa Rais Carter, na hapana mtu wa kwetu aliyefikiri kumwita kwa jina jingine.

Tusijidanganye hata hivyo. Urafiki wa watu wale wawili ulikuwa pia biashara. Mahojiano yao, yaliyojaa mizaha na kuchokozana, yaliwavutia watazamaji, na watazamaji waliliingizia shirika fedha. Ali alimkuza Cosell, naye Cosell akamkuza Ali, na wote wawili walilijua hilo. Lakini mwaka 1967 Ali hakuwa na ulingo wala pambano la kuuza. Wakati huo kumtetea kulikuwa na hasara tupu, na huo ndio wakati tunaoupima.

Mwezi Oktoba 1968, katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico, wakimbiaji weusi wa Marekani Tommie Smith na John Carlos waliinua ngumi zilizovikwa glavu nyeusi walipokuwa jukwaani wakipokea medali za mbio za mita 200. Viongozi wa Olimpiki walikasirika, na wanariadha hao wakaondolewa kikosini. Cosell alimtafuta Smith, akamweka mbele ya kamera, akampa nafasi ya kueleza mwenyewe maana ya glavu, ya skafu na ya miguu isiyo na viatu. Kazi ya mtangazaji siku ile haikuwa ngumu kuielewa: kulikuwa na mtu aliyesema jambo kwa ishara, na ulimwengu ulitaka kujua amesema nini.

Umaarufu wake ulifikia kilele kuanzia Septemba 1970, ABC ilipoanza kuonyesha kila Jumatatu usiku mpira wa Kimarekani, ule unaochezwa zaidi kwa mikono kuliko kwa miguu. Alikaa katika kipindi hicho hadi mwisho wa msimu wa 1983. Kura za maoni za watazamaji zilimtaja kuwa mtangazaji anayependwa sana, na kura hizo hizo zikamtaja kuwa anayechukiwa sana. Mwezi Septemba 1972, wanamichezo na makocha 11 wa Israeli walipouawa katika mkasa wa Olimpiki ya Munich, alikuwa huko akitangaza. Tarehe 22 Januari 1973 alikuwa Kingston, Jamaika, George Foreman alipomwangusha Joe Frazier mara sita katika raundi mbili. Anguko la kwanza alilitangaza kwa kulirudia mara tatu kwa sauti ya mshangao, na sauti hiyo ingali inakumbukwa na wapenzi wa ndondi. Usiku wa tarehe 8 Desemba 1980, katikati ya mchezo wa mpira, ndiye aliyewaarifu watazamaji kwamba mwanamuziki John Lennon amepigwa risasi na kufa.

Kisha ukaja mwaka 1982. Tarehe 13 Novemba bondia kijana kutoka Korea ya Kusini, Duk Koo Kim, alipigwa na Ray Mancini mjini Las Vegas, akaanguka katika raundi ya 14 na kufariki siku chache baadaye. Wiki mbili baada ya pambano lile Cosell alikuwa Houston akitangaza pambano la Larry Holmes na Randall Cobb. Cobb alipigwa kwa raundi zote 15 bila kuweza kujihami, na mwamuzi hakulisimamisha. Sauti ya Cosell ilikuwa ikizidi kujaa uchungu kila raundi, na mwishowe alinyamaza karibu kabisa. Baada ya usiku ule alitamka kwamba hatatangaza tena pambano lolote la ndondi za kulipwa, na ahadi hiyo aliitimiza.

Wakosoaji walisema kwamba alichelewa. Kwamba alikula na kushiba kwa jasho na damu ya mabondia kwa miaka 20, kisha akanawa mikono. Neno hilo lina ukweli ndani yake. Lakini ni wangapi, wakiisha kutambua kwamba mlo wao una doa, huondoka mezani? Wengi hutafuta maneno ya kulifunika doa hilo, huku wakiendelea kula.

Hatungekuwa waaminifu kama tungeishia hapo. Mwezi Septemba 1983, akitangaza mpira, Cosell alimfananisha mchezaji mmoja mweusi, mwepesi na mwenye umbo dogo, na tumbili. Mwenyewe alikanusha kwamba alikusudia dharau ya rangi, na ilithibitika kwamba neno hilo aliwahi kulitumia kwa wachezaji weupe pia. Wapo Wamarekani weusi waliomtetea, na wapo waliomlaani. Sisi tunaona kwamba mtu aliyejua uzito wa jina moja alipaswa kujua pia uzito wa neno moja.

Kosa lake kubwa, hata hivyo, lilikuwa majivuno. Mwaka 1985 alichapisha kitabu ambamo aliwashambulia wenzake waliokaa naye kibandani miaka mingi. Aliwaona wachezaji wastaafu waliogeuzwa watangazaji kuwa watu waliopewa kazi kwa sababu ya sura na sifa za zamani. Huenda katika hoja hiyo alikuwa na haki, lakini aliitoa kwa ukali usio na huruma. ABC ilimwondoa katika utangazaji wa fainali za besiboli za mwaka huo, na kazi yake ya televisheni ikafikia tamati. Aliendelea na redio hadi mwaka 1992. Mtu aliyezoea kuwaambia wengine ukweli hakuweza kuustahimili ukweli alipoambiwa yeye.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya upweke. Mkewe alitangulia mwaka 1990, na mwaka uliofuata Cosell alifanyiwa upasuaji wa saratani. Alikufa mjini New York tarehe 23 Aprili 1995, akiwa na umri wa miaka 77. Ali, aliyeishi hadi mwaka 2016, alikuwa ameshadhoofishwa na maradhi, na ile sauti iliyokuwa ikijibizana na Cosell ilikuwa imekwisha kufifia.

Kwa nini basi tumeitumia safu hii kwa mtangazaji wa nchi ya mbali, aliyelelewa na kutajirishwa na mfumo ambao hatuupendi? Ni kwa sababu vipaza sauti vimeongezeka mno katika zama zetu. Vijana wetu wengi wanatamani kazi hiyo, nao hujifunza kupaza sauti wakati wa goli, kubuni majina ya utani na kuchekesha. Hayo yote yana nafasi yake, na mchezo bila furaha ni kazi bure. Lakini tungewaomba wajiulize pia maswali magumu zaidi. Mchezaji anapodhulumiwa mshahara wake, je, watalisema? Mwamuzi anapohongwa, je, watalisema? Bondia anapoendelea kupigwa huku waandaaji wakihesabu viingilio, je, watapaza sauti kusifu makonde, au watauliza kwa nini pambano halisimamishwi?

Cosell hakuyajibu maswali hayo vizuri kila mara. Lakini mwaka 1964, alipokuwa na uhuru wa kumwita mtu jina lolote ambalo wakubwa na wasikilizaji wangelipenda, alimwita kwa jina lake mwenyewe. Jambo hilo halikumgharimu hata senti moja kulitamka, ila liligharimu mengi yaliyofuata. Nasi tunaamini kwamba mtangazaji yeyote wa kwetu, awe wa redio ya taifa au wa kituo kidogo cha wilayani, anaweza kuanzia hapo.